KUCHAGUA MATEMBEZI YA NCHI KAVU KATIKA SAFARI YA MELI

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kiseke, Mwanza)



Nilipopata barua ya kunialika hapa Kiseke nilidhani nitatakiwa kuzungumza juu ya daftari la fedha au marejesho ya mikopo, kwa kuwa hayo ndiyo ambayo watu huyategemea kutoka kinywani mwa mkaguzi. Kumbe sivyo. Ndugu Katibu aliniandikia kwamba vyama kadhaa vinakusudia kwenda Bukoba kwa meli katika safari ya mafunzo. Kwamba wakala wa safari amekwisha kuleta karatasi yenye matembezi matatu ya nchi kavu pamoja na bei zake. Na kwamba wanachama wamegawanyika. Wako wanaotaka kuyachukua matembezi hayo kama yalivyoandikwa, na wako wanaosema tujitafutie ya kwetu. Akaniuliza sheria inasemaje.

Nilimjibu kwamba Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 haimwambii mwanachama akifika Bukoba ashike njia ipi. Lakini mimi ninalo la kusema, kwa sababu safari ya namna hiyo iliwahi kunitia aibu ambayo mpaka leo haijanitoka. Nitaieleza baadaye kidogo. Kwanza niseme kwa nini jambo hili si la anasa, kama ndugu mmoja alivyonong'ona hapo nyuma wakati Mwenyekiti akifungua kikao.

Elimu, mafunzo na habari ni kanuni ya tano katika kanuni saba za ushirika zilizopitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mjini Manchester mwaka 1995, na ya sita ni ushirikiano baina ya vyama. Chama kinachopeleka watu wake kuona chama kingine kinatimiza kanuni zote mbili kwa nauli moja. Tena Bukoba si mahali pa kupita tu. Chama Kikuu cha wakulima wa kahawa wa Bukoba, BNCU, kilianzishwa mwaka 1950. Sisi huku tukafuata mwaka 1955 na Shirikisho la vyama vya wakulima wa pamba, Victoria Federation, chini ya Paul Bomani, mtu ambaye kabla ya hapo alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika hapa Mwanza. Nawakumbusha makatibu jambo hilo, kwani baadhi yenu hudhani ukatibu ni kazi ya kuandika stakabadhi tu. Vyama vikuu vya kahawa na vya pamba vilivunjwa pamoja na vingine vyote mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Kwa hiyo tunapokwenda Bukoba tunakwenda kwa watu waliopigwa na radi ile ile, na ambao wamejenga tena kwa namna yao. Hilo lina faida kuonwa kwa macho.

Sasa tuje kwenye safari yenyewe. Meli ya Victoria ilianza kazi katika ziwa hili mwaka 1961, ikasimama miaka kadhaa, na ikarudi majini mwezi wa Agosti 2020 baada ya matengenezo makubwa. Kwa ratiba iliyozoeleka huondoka Mwanza usiku, hupitia Kemondo, hufika Bukoba asubuhi, na hugeuza usiku wa siku hiyo hiyo. Ratiba hubadilika, kwa hiyo msininukuu mimi. Kaulizeni bandarini na jibu mlilopewa liandikwe. Jambo la kushika ni kwamba kikundi kinapata mchana mmoja tu wa nchi kavu, na mchana huo ndio wakala anaowauzia. Nauli ya meli kila mtu anaijua, bei yake haifichiki. Penye kufichika ni hapo katikati, kati ya kushuka na kupanda.

Msidhani shida hii ni yetu peke yetu. Nimesoma habari za watalii wanaopanda meli kubwa kwenda Alaska, kaskazini kabisa ya Marekani, kutazama mito ya barafu. Barafu hiyo huteremka kutoka milimani polepole mno, na mahali pengine hufika mpaka baharini na kukatika vipande vikubwa kama nyumba. Meli hizo hutia nanga katika miji kama Juneau, ambao ingawa ni makao makuu ya Alaska hauna barabara ya kuuunganisha na miji mingine. Mtu hufika kwa meli au kwa ndege, kama vile mtu wa Ukara asivyoweza kwenda Nansio kwa baiskeli. Hapo msafiri huchagua. Ama hununua matembezi yanayouzwa ndani ya meli, kwa bei kubwa, akapelekwa kwa basi maalumu mpaka kwenye barafu ya Mendenhall; ama hushuka kivyake, akapanda basi la kawaida la mji, akashushwa mbali kidogo na kumalizia kwa miguu. Barafu anayoiona ni ile ile.

Lakini kuna tofauti moja, nayo ndiyo iliyonifanya niikumbuke habari hiyo. Kwa kawaida, aliyenunua matembezi ya meli akichelewa, meli humngoja, au wenye meli hubeba jukumu la kumfikisha bandari inayofuata. Aliyejiendea mwenyewe akichelewa, meli huondoka, na gharama zote ni zake. Kwa hiyo ile bei kubwa si ya kutazama barafu tu; ndani yake mna bei ya kungojwa. Mtalii mwenye akili huuliza kwanza: hii nyongeza ninayotozwa, je, inanunua kungojwa, au inanunua maneno matamu?

Ndugu zangu, swali hilo hilo sisi hatukuliuliza mwaka 2012.

Mwaka huo chama kimoja cha akiba na mikopo, ambacho sitakitaja, kilipeleka wanachama 34 Bukoba kwa meli. Nilialikwa kama mgeni, nami nilikwenda. Nilikuwa bado kijana kazini na sikuwahi kuvuka ziwa mpaka ng'ambo ile. Wakala aliyeshughulikia safari alikuwa ameweka katika karatasi yake matembezi ya Mtukula, mpakani na Uganda, "kujionea biashara ya mpakani". Katibu aliyakubali kwa sababu yalikuwa ya kwanza katika orodha. Hakuna kikao kilichokaa. Karatasi ya mapatano nilionyeshwa ndani ya meli, nikaipitisha macho, nikasema inafaa. Ninarudia: mimi mkaguzi nilisema inafaa.

Kutoka Bukoba mpaka Mtukula ni kilomita zipatazo 80. Tulikwenda kwa mabasi madogo mawili. Watu wakanunua vitenge, sabuni, na vyombo vya plastiki. Basi nililopanda mimi liligeuka mapema kwa kuwa mlikuwa na wazee wengi waliochoka na jua. La pili lilibaki, kwa sababu wenzetu wengine walikuwa bado wanapatana bei. Kisha lilisimamishwa njiani kwa ukaguzi wa mizigo, mali zikateremshwa na kuhesabiwa moja moja, ushuru ukabishaniwa, na mvua ikaanza. Mnajua mvua ya Bukoba? Huku Mwanza tunapata kiasi cha milimita elfu moja kwa mwaka. Wenzetu wa ng'ambo ile wanapata kama mara mbili yake. Mtu wa Mwanza hutazama wingu akadhani litapita.

Basi lile lilifika gatini daraja la kupandia limekwisha kuondolewa. Watu 11 walisimama pale wakiitazama meli taa zake zikisogea. Ndani ya meli, Mama mmoja alikuwa ameketi na mkoba wenye dawa za kisukari za mumewe, na mumewe alikuwa miongoni mwa wale 11. Nilikuwa nimeketi benchi moja na Mama huyo. Hakupiga kelele. Alikuwa akinitazama tu, kwa kuwa alijua kwamba mimi ni mtu wa Serikali, na mtu wa Serikali bila shaka ana la kufanya. Sikuwa na la kufanya.

Wale vijana sita kati yao walikuwa wepesi wa akili. Walikodi gari wakaifukuza meli kwa barabara mpaka Kemondo, kilomita kama 20, na kwa kuwa meli ilikuwa na shehena ya ndizi ya kupakia pale, waliikuta. Watano, pamoja na yule Mzee, walilala Bukoba. Asubuhi walipata dawa hospitalini, namshukuru Mungu, kisha wakapanda basi la kuzunguka kwa nchi kavu, Muleba, Biharamulo, Geita, mpaka kivuko cha Busisi. Siku hizo daraja la Kigongo na Busisi halikuwapo. Limefunguliwa Juni 2025. Walifika Mwanza usiku wa kiza.

Nani alilipa? Wakala alisema mapatano hayakutaja kuchelewa, na ni kweli, hayakutaja. Katibu alitoa fedha za chama alizokuwa nazo mkononi, akalipa malazi, chakula na nauli. Mwaka uliofuata nilipokagua vitabu vya chama kile nilikuta hati ya malipo isiyo na muhtasari wa kikao wala idhini ya Bodi. Nikaandika hoja ya ukaguzi, kama wajibu ulivyonitaka, nikaisaini kwa mkono huu. Katibu akatakiwa kurejesha fedha zile, zikakatwa katika posho yake kidogo kidogo, na zilipokwisha akaacha kazi. Alikuwa katibu mzuri. Vitabu vyake vilikuwa safi kuliko vya vyama vingi ninavyovikagua leo. Alilipa peke yake kwa uchaguzi ambao hakuna kikao kilichoufanya, na mmoja wa watu walioubariki alikuwa yule yule aliyemwandikia hoja.

Nimeeleza kwa urefu ili mjue ninatoka wapi ninaposema kwamba matembezi ya nchi kavu ni shauri la mkutano. Si shauri la katibu, wala la wakala, wala la mkaguzi mgeni aliyepitisha macho karatasi.

Mkutano utachaguaje? Mimi ningeomba mhesabu saa kwa kurudi nyuma. Wengi huhesabu kwa kwenda mbele: tutafika asubuhi, tutakunywa chai, tutakwenda huku, tutakwenda kule. Anzeni upande wa pili. Tuseme meli inaondoka saa tatu usiku. Abiria awe amekwisha kuingia langoni saa moja. Ili watu 30 wenye mizigo wawe langoni saa moja, basi wote wawe wamerudi mjini saa kumi na moja jioni. Upande wa asubuhi, meli ikifika saa moja, kushuka, kupata chai na kukusanyana kutawafikisha saa mbili na nusu. Msijidanganye kwamba mtawahi zaidi ya hapo. Kati ya saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi na moja jioni mna saa nane na nusu. Toeni saa moja na nusu ya chakula na sala, zinabaki saba. Toeni saa mbili za akiba, kwa ajili ya pancha, mvua na mwenzenu aliyepotea sokoni. Zinabaki tano. Hizo tano ndizo zenu. Akiba hii ya saa ni kama akiba ya chama: mtu akikwambia haina kazi kwa kuwa mwaka huu haikutumika, mtazame vizuri.

Sasa ipimeni Mtukula kwa saa tano. Kwenda na kurudi ni kilomita 160, na kikundi kikubwa hakiendi mwendo wa gari dogo. Saa tatu na zaidi zimekwisha barabarani. Kinachobaki ni kutembea maduka kwa haraka na kurudi mkitazama saa. Isitoshe, anayenunua mali ya biashara ana ushuru wa kulipa, na basi zima litamngoja. Sisemi Mtukula ni pabaya. Anayetaka biashara ya mpakani aende kwa fedha zake, kwa siku zake, kwa barabara. Katika safari ya mafunzo yenye mchana mmoja, haipiti.

Tembezi la pili katika karatasi ya wakala ni Kyaka, kuona mahali ambapo majeshi ya Idi Amin yalilibomoa daraja la mto Kagera mwaka 1978. Ni karibu zaidi, kama kilomita 50, na kwa wale tuliokuwa hatujazaliwa au tulikuwa migongoni mwa mama zetu wakati wa vita ni jambo la maana. Saa tano zinatosha, ilimradi msiongeze kituo kingine. La tatu ni kuzungushwa mjini na kukaa ufukweni. Hilo, Ndugu zangu, ufuko wa ziwa tunao hapa hapa, na wakala anautoza bei.

Yapo ambayo hayamo katika karatasi ile, nayo ndiyo ningependa myafikirie. Mjini Bukoba kipo kiwanda cha kahawa ya kuyeyuka cha TANICA, ambacho vyama vya ushirika vya Kagera vina hisa ndani yake. Wakulima wetu wa pamba wamezoea kuona marobota yakipakiwa na kupotea upande wa reli. Kule mtu anaweza kuona zao la mkulima likigeuzwa kopo lenye jina, tayari kwa duka. Chama Kikuu cha KCU, kilichorithi kazi ya BNCU, kina miaka mingi ya kuuza kahawa katika soko la Ulaya linalolipa nyongeza kwa wakulima walio katika vyama. Waulizeni nyongeza hiyo hugawanywaje, nani huamua, na mwanachama wa kawaida hujuaje kwamba imefika. Maswali hayo matatu yanatosha kujaza asubuhi nzima, na hayahitaji basi. Yanahitaji barua, iliyoandikwa wiki kadhaa kabla, yenye mhuri, ikitaja idadi ya watu. Kiwanda hakiingiwi kama sokoni.

Nje kidogo ya mji, kilomita zisizofika 25, ipo Maruku, penye kituo cha utafiti wa kilimo ambako migomba na kahawa hushughulikiwa. Jirani yake ni Katuruka, mahali ambapo wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za tangu kale sana, karibu miaka elfu mbili au zaidi. Mimi nilifika huko katika safari yangu ya pili, na nakiri nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopangiwa. Tulifundishwa shuleni kwamba chuma kililetwa na wageni. Pale unatazama udongo uliochomwa moto na babu zetu, wakiwa wengi, maana tanuri haiendeshwi na mtu mmoja: wako wa mkaa, wako wa mawe, wako wa kuvuvia moto. Maruku na Katuruka kwa pamoja huingia katika saa tano bila kusukumana.

Na sokoni msiache kupita, hata kwa nusu saa. Kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwa majani, na senene kama ni majira yake, hugharimu kidogo na huwafurahisha walioachwa nyumbani.

Mama mmoja wa hapa Kiseke aliniuliza kabla ya kikao: sisi wenye miguu mibovu tutafanya nini, tukae ndani ya meli? Ni swali kubwa kuliko yote. Nimeona muhtasari wa vyama vingi ambamo uchaguzi ulifanywa na wenye miguu mizima na sauti kubwa. Hakuna kanuni inayowalazimisha watu 30 kwenda mahali pamoja. Gawanyikeni. Kundi moja liende Maruku kwa basi, jingine libaki mjini, lione kiwanda na ofisi ya Chama Kikuu, lipumzike kivulini. Kila kundi liwe na kiongozi mwenye orodha ya majina, na mtu mmoja asiyekwenda popote abaki karibu na bandari akiwa na simu yenye chaji na nakala ya orodha zote. Huyo alipwe posho yake sawasawa na wengine, maana ndiye anayefanya kazi. Na dawa za mtu zikae kwa mtu mwenyewe, mfukoni mwake, siyo katika mkoba wa mkewe.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi, kwa kuwa makatibu mnajua. Chukueni mfano wa kubuni. Bei za kweli kaulizeni wenyewe. Tuseme wakala anatoza shilingi 45,000 kwa kila mtu, na watu ni 30. Hiyo ni shilingi 1,350,000. Tuseme basi dogo la kukodi kwa siku ni shilingi 360,000, ambayo ni 12,000 kwa kila mtu. Tofauti ni shilingi 33,000 kwa kichwa. Huenda ndani yake mna chakula, viingilio na mtu wa kuwaongoza; basi aviandike kimoja kimoja. Kisha mwulizeni kwa maandishi: tukichelewa kwa kosa la basi lako, nani analipa malazi na nauli ya kurudi Mwanza? Akiandika kwamba ni yeye, na akatia saini, nitakuwa wa kwanza kusema bei yake ina haki, na chama chenye wazee wengi kinaweza kumchagua bila aibu. Akikataa kuandika, basi hiyo 33,000 hainunui kungojwa. Uamuzi wowote uingie katika muhtasari, na fungu la dharura liidhinishwe humo humo kwa kiasi kinachotajwa, ili katibu akijikuta gatini usiku na watu watano asilazimike kuchagua kati ya wanachama wake na mkaguzi wake.

Jambo la saa nalo nisilisahau. Tiketi nyingine huandikwa saa za kizungu. Mwenye kusoma 9:00 akadhani ni saa tisa alasiri atafika mapema, hakuna hasara. Lakini mwenye kuambiwa saa tatu na asiulize ni ya asubuhi au ya usiku anaweza kuharibu safari nzima. Katibu aandike kwa maneno, "saa tatu usiku", katika karatasi ya kila mwanachama.

Na kwa kuwa tunazungumzia meli mbele ya watu wa Mwanza, sote tunajua wapi macho yetu yanaelekea. Meli ya Bukoba ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imekaribia kabisa kufika hapa, ikiwa na watu wengi kupita 430 iliyoruhusiwa, na mamia walikufa. Makaburi ya Igoma mnayapita kila siku mkienda Kisesa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, nacho kilikuwa kimejaza kupita kiasi. Nawaomba makatibu: majina yote ya kikundi yaandikishwe katika orodha ya abiria kama yalivyo katika vitambulisho, hata ya mtoto anayebebwa, na mkiona chombo kimejaa, hasa vile vyombo vidogo vya matembezi ya visiwani, kikundi kishuke. Nauli iliyopotea huandikiwa hoja ya ukaguzi, na hoja hiyo nitaifuta mwenyewe.

Chama kisicho na fungu la kutosha kwenda Bukoba kisijione mnyonge. Nansio ni safari ya kwenda kwa meli ya asubuhi. Huko Ukerewe mna Bukindo, yalipo makao ya watemi, na ni kisiwa cha Aniceti Kitereza, aliyeandika kitabu kikubwa juu ya maisha ya Wakerewe. Kisiwa cha Saanane kipo mbele ya macho yetu, na Bujora yenye makumbusho ya Wasukuma iko pale Kisesa. Nasema Kisesa, siyo Kiseke, maana wageni wa Mzungu mmoja walishushwa hapa kwenu wakatafuta ngoma za Bujora mpaka jua likazama.

Ndugu Katibu ameniarifu kwamba mkutano wa kuamua utakaa Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, katika jengo hili hili. Karatasi ya wakala imebandikwa ukutani, pembeni ya dirisha, na chini yake nimeacha nafasi ya kuandika matembezi mengine yatakayopendekezwa, pamoja na saa zake zikihesabiwa kwa kurudi nyuma. Mimi nitakuwapo, nikiketi nyuma, bila kupiga kura. Barua ya kuomba kuingia kiwandani iandikwe Jumatatu, yeyote atakayeshinda, kwa sababu majibu huchukua muda.